Ukomo wa Mishahara na Upangaji wa Kikosi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, maswali yale yale hurudi kwenye vijiwe vya kahawa vya Mtwara, kuanzia Chikongola hadi kando ya Uwanja wa Nangwanda Sijaona, na bila shaka hurudi Lindi na Ruangwa pia: kwa nini fulani ameachwa, kwa nini fulani amebaki, na fedha imekwenda wapi. Ukurasa huu unajibu kwa kuanzia kwenye ligi za nje zenye ukomo wa mishahara ulioandikwa, kwa sababu huko hesabu huonekana waziwazi, kisha unazirudisha hesabu hizo nyumbani, ambako ukomo haujaandikwa popote lakini unauma vilevile.

Ukomo wa mishahara maana yake nini?

Ni kiwango cha juu cha fedha ambacho timu inaruhusiwa kukitumia kuwalipa wachezaji wake wote katika msimu mmoja. Kinachowekewa mpaka ni jumla ya kikosi, wala si mshahara wa mtu mmoja, na hapo ndipo wengi hujikwaa: timu inaweza kumlipa nyota mmoja fedha nyingi sana, mradi wenzake walipwe kidogo hadi jumla itoshe.

Mfano unaojulikana zaidi ni NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa kwa mikono kuliko kwa miguu, ambao msomaji asiuchanganye na soka letu. Ukomo ulianza huko mwaka 1994 ukiwa dola milioni 34.6 kwa kila timu, na mwaka 2025 ulikuwa dola milioni 279.2. Kiwango hicho hufuata mapato ya ligi, kwa hiyo hakipandi siku zote. Baada ya msimu wa 2020, ambao viwanja vingi vilikuwa vitupu au nusu vitupu kwa sababu ya UVIKO-19, kilishuka kutoka dola milioni 198.2 hadi milioni 182.5, na wakongwe wengi waliojiona wako salama waliachwa mwezi Machi 2021 pasipo kosa lolote la uwanjani.

Ukomo ukishakuwepo, swali la kiongozi wa timu hubadilika. Haulizi tena kama mchezaji huyu ni mzuri, wala kama fedha yake ipo. Anauliza: huyu akiingia, nani atoke?

Je, Ligi Kuu ya Tanzania Bara ina ukomo wa namna hiyo?

Haina. Kanuni zetu huweka mipaka ya idadi ya wachezaji wanaosajiliwa na idadi ya wageni, lakini hazisemi jumla ya mishahara isizidi kiasi gani. Klabu kubwa za Dar es Salaam hulipa kadiri wafadhili wao wanavyoweza, na klabu ya Ruangwa au Mtwara hulipa kadiri mfuko wake unavyoruhusu.

Hata hivyo, kwa timu ya kusini mfuko huo ni ukomo halisi, tena mkali kuliko ule wa Marekani, maana wa Marekani hutangazwa kabla ya msimu na wa kwetu hugundulika mwezi wa Februari. Mkataba wa haki za matangazo ya televisheni uliosainiwa na Azam mwaka 2021, wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, umezipa klabu kipato kinachoweza kutabiriwa, jambo ambalo zamani halikuwepo. Lakini kabla mshahara haujalipwa kuna safari. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, na hapo timu bado haijaanza safari ya Mwanza, Bukoba au Kigoma. Mvua za Mei 2024 zilipokata barabara eneo la Somanga, kila mtu wa kusini alikumbushwa kwamba hata kufika tu uwanjani ni gharama. Basi la timu, kambi, chakula na posho vyote hutoka katika mfuko ule ule ambao mshambuliaji anautazamia.

Kuna na suala la majira. Mishahara hudaiwa kila mwezi, ilhali fedha ya mikoa yetu hutembea kwa msimu: minada ya korosho huanza Oktoba, na wafanyabiashara wanaozisaidia timu huwa na mikono mizito kuanzia Machi. Dirisha kubwa la usajili hufungwa kabla ya mnada wa kwanza. Timu huahidi ikiwa haina, hulipa ikipata, na huanza kukwama msimu ukielekea ukingoni, wakati ambapo pointi tatu ndizo zinazoamua nani ashuke.

Kwa nini timu humwacha mchezaji mzuri na kubaki na aliye dhaifu?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa hasira kuliko yote, na jibu lake ni kwamba anayeondoka mara nyingi si yule anayestahili kuondoka, bali yule ambaye kuondoka kwake hakuigharimu timu chochote.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mshambuliaji anasaini miaka miwili. Anapewa fedha ya usajili shilingi milioni 24 mkononi, na mshahara wa shilingi milioni 1.5 kwa mwezi, yaani milioni 18 kwa mwaka. Kwa hesabu za Marekani, ile milioni 24 haihesabiwi yote katika mwaka wa kwanza. Hugawanywa kwa miaka ya mkataba, ikawa milioni 12 mwaka wa kwanza na milioni 12 wa pili. Mwaka wa kwanza ukiisha amefunga mabao mawili na mashabiki wamemchoka. Timu ikimwacha, inaokoa mshahara wa milioni 18, lakini ile milioni 12 iliyobaki ya fedha ya usajili bado inahesabiwa katika ukomo wake ingawa mtu mwenyewe hayupo. Wenzetu huiita fedha mfu. Akibaki angehesabiwa milioni 30, akiondoka anahesabiwa milioni 12, na kwa ile milioni 18 iliyookolewa hapatikani mshambuliaji mwingine wa kiwango hicho, ambaye kwa masharti yaleyale angehesabiwa milioni 30.

Timu ya Denver Broncos ya NFL iliuonja uchungu huu vizuri. Mwaka 2022 ilimwongezea Russell Wilson, mpiga pasi wake mkuu, mkataba mkubwa. Mwezi Machi 2024 ikaachana naye. Dola milioni 85 ziliendelea kuhesabiwa katika ukomo wake, zikagawanywa kati ya misimu ya 2024 na 2025, huku Wilson akivaa jezi za watu wengine.

Katika soka hali ni ngumu zaidi, kwa sababu mkataba wa mchezaji hauvunjwi kwa kumwambia tu kwamba kocha hamhitaji. Klabu ikivunja bila sababu halali, hudaiwa thamani ya kipindi kilichobaki, ikipunguzwa kwa kile ambacho mchezaji atakipata kwingine katika kipindi hicho. Yule mshambuliaji wa mfano wetu asipopata timu nyingine, milioni 18 zote ni deni. Kumbakisha ni hasara, na kumwondoa ni hasara ileile pamoja na pengo. Kwa hiyo anabaki, na winga aliyecheza vizuri msimu mzima, ambaye bahati mbaya mkataba wake umekwisha Juni, ndiye anayepeana mikono na viongozi na kupanda basi la asubuhi.

Niliwahi kushika daftari la fedha la timu moja ndogo ya mjini Mtwara, ambayo sitaitaja. Tulimlipa mfungaji fedha yake yote ya usajili siku aliyosaini, tukifuata ushawishi wa watu waliotaka kumwona amevaa jezi kabla ya wiki kwisha. Novemba aliumia goti. Dirisha dogo lilipofika hatukuwa na cha kumpa mtu mwingine, tukawaachia vijana wawili wa kiungo ambao mikataba yao ilikuwa ya miezi sita. Mmoja wao anacheza hadi leo, na anacheza vizuri. Ule uamuzi haukufanywa Desemba. Ulifanywa Julai, siku tuliyotoa fedha yote kwa mkupuo bila kuigawa kwa vipindi.

Je, ndivyo ilivyokuwa kwa Messi na Barcelona?

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Hispania haina kiwango kimoja kwa timu zote. Kila klabu hupangiwa ukomo wake kulingana na mapato na madeni yake. Mkataba wa Messi uliisha tarehe 30 Juni 2021, kwa hiyo kanuni zilimhesabu kama mchezaji mpya anayesajiliwa, na klabu iliyojaa kupita kiasi haikuwa na nafasi ya kumwingiza. Rais wa klabu, Joan Laporta, alieleza mwezi Agosti kwamba mishahara, hata bila Messi, ilikuwa imefikia asilimia 95 ya mapato.

Angalia nani walibaki. Walibaki wale waliokuwa na mikataba mirefu na mikubwa, ambao hakuna klabu iliyokuwa tayari kuwachukua kwa mshahara uleule. Mchezaji bora katika historia ya klabu ndiye aliyekuwa rahisi kuondoka, kwa sababu karatasi yake pekee ndiyo iliyokuwa imefika mwisho.

Timu iliyobanwa hushindaje, basi?

Hushinda kwa kumpata mtu anayecheza kuliko anavyolipwa, na kumtumia kabla bei yake haijajulikana. San Francisco 49ers wa NFL walimchukua mpiga pasi Brock Purdy mwaka 2022, katika zoezi la kila mwaka ambalo timu hupokezana kuchagua vijana wapya, akiwa wa mwisho kabisa kuchaguliwa, nafasi ya 262. Alikuwa akilipwa chini ya dola milioni moja kwa mwaka katika nafasi ambayo wenzake walilipwa makumi ya milioni, na ile tofauti ikawalipa nyota wengine waliomzunguka. Wakafika fainali ya Februari 2024. Mwezi Mei 2025 alisaini mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 265. Siku hiyo ilikuwa inajulikana, na klabu ilikuwa imeanza kupunguza watu mapema: mwezi Machi mwaka huo ilimpeleka Deebo Samuel Washington kwa malipo madogo.

Njia ya pili ni kumuuza nyota wa pili ili kumlinda wa kwanza. Kansas City Chiefs, waliokuwa wamempa mpiga pasi wao Patrick Mahomes mkataba wa miaka 10 wa takriban dola milioni 450, walimwachia Tyreek Hill aende Miami mwezi Machi 2022, wakapokea nafasi za kuchagua vijana. Watu waliwacheka. Wakachukua ubingwa wa Februari 2023 na wa Februari 2024.

Kwetu, Namungo ya Ruangwa ilipanda Ligi Kuu na katika msimu wake wa kwanza, 2019/20, ikamaliza ya nne na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, ikafungwa na Simba. Mwaka uliofuata ilicheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Msimu huo huo wa 2019/20 ndio Ndanda ya Mtwara iliposhuka, baada ya kudumu Ligi Kuu tangu 2014. Timu mbili za jirani, zinazopita barabara ileile. Sitaki kudai kwamba fedha peke yake ndiyo iliyozitenganisha, lakini mtu anayejifunza upangaji wa kikosi hana haja ya kwenda mbali kutafuta mifano ya kulinganisha.

Nafasi gani hulipwa kwanza?

Marekani hulipwa kwanza mpiga pasi mkuu, na miongoni mwa wanaofuata ni anayemkimbiza wa upande wa pili na anayemlinda. Wakimbiaji wa mpira wamekuwa wakipunjwa kwa miaka mingi kwa sababu ni rahisi kuwapata. Katika soka la kwetu mfungaji huchukua sehemu kubwa, na mara nyingi kipa husahauliwa hadi afungwe bao la kizembe.

Mimi ningemtetea kiraka. Mchezaji anayeweza kucheza beki wa kulia, kiungo mkabaji na hata beki wa kati kwa dharura, kwa timu isiyoweza kuwalipa watu 28, ni sawa na mishahara miwili iliyookolewa. Huyu ndiye mtu ambaye hatajwi katika vijiwe vya usajili, na ndiye ambaye kocha mwenye kikosi chembamba humuulizia kabla ya kuuliza jina la mshambuliaji.

Kuuza mchezaji mapema au kusubiri bei ipande?

Msomaji wa kusini analijua swali hili kwa jina lingine. Mkulima mwenye shida ya ada ya shule mwezi wa Juni huuza korosho zake kwa kangomba, zikiwa bado juu ya mti, kwa bei ya chini, ilhali jirani yake aliyevumilia hadi mnada wa Novemba hupata bei nzuri. Klabu iliyobanwa huuza wachezaji kwa kangomba.

Nottingham Forest ya Uingereza ilikataa kangomba, ikaadhibiwa. Ligi Kuu ya Uingereza haikuwa na ukomo wa mishahara, bali kanuni ya kuzuia hasara katika kipindi cha miaka mitatu, na hesabu za kipindi husika zilifungwa tarehe 30 Juni 2023. Forest ilikuwa na Brennan Johnson ambaye angeweza kuuzwa kabla ya tarehe hiyo. Ikasubiri, ikamuuza Tottenham tarehe 1 Septemba kwa zaidi ya pauni milioni 45, ikajitetea kwamba kumuuza mapema kungeileta fedha pungufu. Hoja hiyo kibiashara ina mantiki kabisa. Mwezi Machi 2024 ilinyang'anywa pointi nne. Everton, kwa makosa ya kanuni hiyohiyo, ilinyang'anywa pointi 10 mwezi Novemba 2023, zikapunguzwa kuwa sita baada ya rufaa, kisha ikaongezewa adhabu ya pointi mbili kwa kosa la kipindi kilichofuata.

Uingereza haikuwahi kuwa na ukomo kabisa?

Iliwahi kuwa nao, tena wa mchezaji mmoja mmoja: kuanzia 1901 hakuna aliyeruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni nne kwa wiki, na ulipofutwa mwaka 1961 ulikuwa umefika pauni 20. Muda mfupi baadaye Johnny Haynes wa Fulham akawa analipwa pauni 100. Mwaka 2020 madaraja ya tatu na ya nne yalijaribu kuweka ukomo wa jumla, wa pauni milioni 2.5 na milioni 1.5, lakini chama cha wachezaji kilipinga na kanuni hizo zikaondolewa Februari 2021.

Timu ikishindwa kulipa mishahara, kikosi kinaathirikaje?

Hapa hakuna tena cha kupanga. Kikosi hujipanga chenyewe kwa kuondoka. Kanuni za FIFA humpa mchezaji ambaye hajalipwa mishahara ya angalau miezi miwili haki ya kuiandikia klabu, kuipa angalau siku 15, na akibaki bila malipo, kuvunja mkataba kwa sababu halali. Anaondoka akiwa huru, na bado anadai. Klabu inayodaiwa na kushindwa kulipa baada ya hukumu inaweza kufungiwa usajili, na kifungo hicho hukaa hadi deni lilipwe au hadi madirisha matatu mfululizo yapite.

Wa kwanza kuondoka huwa ni wale wenye soko. Wanaobaki ni wenye mapenzi na timu, wenye majeraha, na wasio na pa kwenda, na kocha hupaswa kutafuta watu 11 miongoni mwao.

Mkopo unasaidia?

Unasaidia sana timu inayopokea, hasa klabu kubwa ikikubali kubeba sehemu ya mshahara. Ubaya wake ni kwamba unamkuza kijana wa watu. Mei akirudi kwao, pengo linarudi pia. Timu yenye wachezaji sita wa mkopo katika kikosi cha kwanza haina kikosi, imeazima.

Ukomo wa mishahara huleta usawa kati ya timu?

Huleta usawa wa matumizi, si wa akili. New England Patriots wa NFL walichukua mataji sita kati ya 2002 na 2019 wakiwa chini ya ukomo uleule waliokuwa nao waliokuwa wakishika mkia. Kwa Tanzania Bara, ukomo unaofanana kwa wote usingekuwa na maana kwa klabu ambayo haifiki hata nusu yake. Kanuni ya kuzuia klabu kuahidi mishahara isiyo na chanzo cha fedha kinachoonekana, kama ile ya Hispania, ingetufaa zaidi, hata kama siku ya kwanza ingetunyima wachezaji wawili au watatu tunaowapenda.

Shabiki aulize nini siku ya kutambulishwa mchezaji mpya?

Aulize mkataba unaisha lini, na mikataba mingine mingapi inaisha siku hiyohiyo. Timu ambayo mikataba yake 15 inaisha Juni moja italazimika kujadiliana na watu 15 kwa wakati mmoja, mwezi ambao mfuko ni mtupu. Kisha aulize kama fedha ya usajili imelipwa yote au kwa awamu.

Je, timu inaweza kupata chochote kwa mchezaji aliyeondoka bure zamani?

Inaweza, na wengi hawajui. Mchezaji anapouzwa kutoka klabu ya nchi moja kwenda ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kwa kila mwaka aliokaa kuanzia mwaka wa kutimiza miaka 16, klabu hustahili asilimia 0.5 ya ada nzima. Kwa miaka ya chini ya hapo, asilimia 0.25. Kijana aliyelelewa Mtwara kwa misimu mitatu, kuanzia miaka 16 hadi 18, akiuzwa nje kwa dola 200,000, klabu hiyo hustahili dola 3,000. Kwa timu ndogo hiyo ni nauli ya safari kadhaa za Kanda ya Ziwa.

Malipo hayo hufuata kumbukumbu za usajili, zinazoonyesha kijana alisajiliwa wapi na tarehe gani. Vijana wetu wawili wa kiungo walioondoka lile dirisha dogo walikuwa na miaka 17. Fomu zao, nijuavyo, bado zimo ndani ya sanduku la bati nyumbani kwa katibu wa zamani, chini ya jezi za msimu ule, na hazijawahi kuingizwa katika mfumo wowote.